Mashua Iliyoazimwa Heru Juu

Heru Juu hakuna ziwa. Kuna mihogo, kuna maharage, kuna mahindi mvua ikikubali, na kuna kijito ambacho mbuzi mwenye haraka hukiruka bila kulowesha kwato. Ndiyo maana mwaka 2012, Khatibu, ofisa mifugo wa kata, alipoanza kuunda mashua ya tanga uani kwake, watu hawakumcheka mara moja. Walidhani ni zizi. Mbavu za mashua ziliposimama wakasema labda ni banda la kuku la kisasa, maana serikali haiishiwi mambo mapya. Siku alipotamka kwa kinywa chake kwamba ni mashua, na kwamba itakwenda ziwani kwa lori, ndipo walipocheka, na walicheka kwa zamu, nyumba hadi nyumba, mpaka msimu wa maharage ukaisha.

"Ziwa liko Kigoma, Bwana mifugo," jirani yake Venanti alimweleza kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni aliyepotea njia.

"Na mninga uko wapi?" Khatibu akamjibu. "Mninga uko huku kwenu. Sasa kipi bora kisafiri, mti au mashua?"

Venanti akaenda zake kwenye migomba. Khatibu alikuwa hivyo siku zote. Akikubana kwa hoja, hujui umeshindwa au umechoka tu.

Mtu huyu alizaliwa Pangani, kwa fundi wa vyombo vya baharini aliyesifika, na tangu utotoni alitaka kushika shoka la baba yake. Baba akamwachia siku moja apigilie ubao. Akautazama ubao, akaitazama mikono ya mwanawe, akasema mbele ya mafundi wote: "Mikono hii, mwanangu, Mungu ameiumba ya kufungia mbuzi." Mafundi wakacheka. Khatibu akaenda chuo cha mifugo, akafungia mbuzi kwa mshahara wa serikali mpaka mvi zikamtoka. Lakini neno la mzazi halina kutu. Kila alipofunga kamba kwenye mguu wa mbuzi alilisikia.

Sasa alikuwa amekaribia kustaafu. Wenzake waliofikia umri huo waliota nyumba za bati za rangi na bodaboda ya kukodisha. Yeye aliota kitu kimoja: kukaa juu ya maji ndani ya mashua aliyoiunda kwa mikono yake mwenyewe, na asilowe. Mkewe, aliyekuwa Pangani akimuuguza mama yake, alimpigia simu kila jioni kumwuliza kama lile sanduku limeisha. Alikataa katakata kuliita mashua kabla hajaliona likielea, na kwa mwanamke wa Pangani hiyo ni haki yake.

Heru Juu walimheshimu. Walimletea mbuzi wanaokohoa na ng'ombe wanaochechemea, walimpa shikamoo, walimkaribisha kwenye misiba. Lakini alikuwa mgeni kwao miaka yote, na kuna jambo moja lililomwonyesha hivyo, ingawa hakuwahi kulisema. Katika mtaa ule vitu havikai nyumbani kwa mwenyewe. Jembe la huyu liko kwa yule, kinu cha yule kiko kwa shangazi wa mwingine, na ukitafuta ungo wako ujue utazunguka milima miwili. Vitu hivyo vyote vilipita mbele ya lango la Khatibu bila kupinda kona. Yeye alikuwa na nini cha kuazima? Alikuwa na sindano za chanjo na koleo la kuhasia madume. Hakuna mtu aliyewahi kukwama katikati ya kupika akamtuma mwanawe kwenda kuomba koleo la kuhasia.

Mvua za mwaka 2013 zilipokatika, mashua ilikuwa imekamilika. Mlingoti ulikuwa wa mkaratusi, tanga lilikuwa la maturubai mawili yaliyoshonwa na fundi cherehani wa Kasulu aliyedhani anashona hema, na ubavuni Khatibu alipaka rangi ya buluu iliyobaki alipopaka choo cha ofisi. Alikwisha patana na Godson, dereva wa Fuso aliyepeleka maharage Kigoma. Siku ya safari ilikuwa Jumatatu, baada tu ya harusi ya Evaline, binti wa Venanti. Na kwa kuwa Khatibu alikuwa mtu wa kujisifu mapema, alikwisha waalika watu wote washuke naye ziwani kushuhudia mashua ikishuliwa majini. Watu wakakubali kwa moyo mmoja. Kumwona Bwana mifugo akizama lilikuwa jambo la kusafiria.

Jumapili moja kabla ya hapo, mtaa mzima ukiwa misani, Khatibu akaamua kuijaribu mashua. Alichota maji kisimani, ndoo baada ya ndoo, akamimina ndani, kwa hesabu kwamba chombo kisichotoa maji nje hakitaingiza maji ndani. Mashua ikayapokea maji kwa adabu, kisha ikayatoa yote. Yalitoka kwenye kila kiungo cha ubao, kulia na kushoto, yakatiririka hadi kwenye maharage ya Philomena, mke wa Venanti. Kuku wakaja kunywa. Jua la kiangazi lilikuwa limezikausha mbao zilizoundwa wakati wa masika, zikasinyaa, na kila mahali alipogongomea pamba na mafuta palikuwa na ufa wa kupitisha kijiti cha kiberiti. Khatibu akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Aliona aibu, maana baba yake alikuwa amekufa zamani lakini siku ile ya ubao alikuwa amesema kweli.

"Umemwagilia mashua?" Venanti alimwuliza aliporudi kanisani, akitazama matope.

"Nimeiosha."

"Imekunywa kweli," Venanti akasema, akaingia kwake kula.

Khatibu hakumwambia mtu. Mpango wake ulikuwa kununua pamba mpya na mafuta, aizibe mashua upya wiki ile yote, usiku na mchana ikibidi. Lakini kesho yake ofisi ikampigia simu. Mbuzi wa Mabamba, kule mpakani na Burundi, walikuwa wanakohoa, na alitakiwa aende akachanje. Aliambiwa ni kazi ndogo, atarudi mara moja. Gari la ofisi likamfikisha Mabamba, likafa hapohapo, na kila jioni fundi alimwahidi kwamba limebaki jambo dogo tu. Khatibu akachanja mbuzi wa Mabamba wote, akachanja na wa Burundi waliovuka kuja kuangalia kuna nini, na moyo wake muda wote ulikuwa Heru Juu kwenye zile nyufa.

Huku nyuma, kwa Venanti, kulikuwa na msiba wa aina nyingine. Kuoza binti bila pombe ya ndizi ni kumtukana mkwe, na pombe ya ndizi haikamuliwi kwenye sufuria. Inataka muvure, lile hori refu la mti mmoja uliochongwa, ambamo ndizi mbivu hupondwa kwa nyasi mpaka zitoe maji, kisha maji hayo huchanganywa na mtama wa kukaanga na kuachwa yachachuke. Venanti alikuwa na muvure wa babu yake. Siku ndizi zilipotolewa shimoni zimeiva, ng'ombe wake akaukanyaga na kuupasua katikati. Wakaenda kuazima kwa Leonidasi, jirani mwingine, wakakuta wake uko Murungu kwa shemeji yake. Wengine wote nao walikuwa na harusi, maana kiangazi ndio msimu wake. Ndizi hazingojei mtu. Philomena alisimama uani na mikono kichwani, na macho yake yakavuka uzio.

Kule ng'ambo kilikuwapo chombo cha mbao, kirefu, chenye tumbo, kilichochongoka ncha, kimetulia kivulini.

Basi Khatibu aliporudi Ijumaa alasiri, amepanda bodaboda kutoka Kasulu na vumbi limemfanya mwekundu hadi kope, alikuwa amekwisha jiandaa moyoni kwamba atamwambia Godson safari haipo. Angesema anaumwa mgongo. Mlangoni kwake akakuta kibuyu. Akakiinua, na kizibo kikaruka chenyewe na kugonga dari ya kibaraza, povu likamwagika juu ya kanzu ya sala aliyokuwa ameikunja kwapani. Akanusa. Akafuata harufu mpaka uani, na hapo akaona mashua yake imefunikwa majani ya migomba kuanzia mbele hadi nyuma, wanawake watatu wamekaa ukingoni wakiimba, na Philomena akikoroga ndani kwa mpini wa jembe.

Wacha Khatibu apige kelele. Alipiga kelele kwa Kiswahili cha Pangani ambacho wale wanawake hawakukielewa hata nusu, lakini walikubaliana baadaye kwamba kilikuwa kitamu kusikiliza. Venanti akaja mbio.

"Venanti! Ndugu yangu! Mashua yangu! Mimi Mwislamu, Venanti, naswali mara tano, na wewe unanipikia pombe ndani ya mashua!"

"Tulia, Bwana mifugo, tuongee," Venanti akasema. "Nilikuja kuomba, hukuwepo. Kwetu muvure haunyimwi, unaomba hata mlango. Niliuomba mlango wako, na Philomena ni shahidi."

"Hii si muvure!"

"Sasa si muvure, ndiyo. Lakini muvure wangu nani aliuvunja? Ng'ombe. Kwa mguu gani? Ule uliokuwa umeoza, nikataka nimchinje, wewe ukasema hapana, Venanti, nitauponya. Ukauponya. Mguu huohuo, Bwana mifugo, ndio uliokanyaga. Mimi nisingekulaumu mbele za watu, lakini mwenyewe fikiria."

Mtu wa hoja alikuwa amepatikana kwa hoja.

"Na kile kibuyu," Philomena akaongeza kwa huzuni, "kilikuwa mtobe, maji ya ndizi yenyewe, matamu, ya watoto. Nilikuwekea kabla hatujatia mtama, kwa sababu ya dini yako. Umechelewa wewe. Kimechachuka kwa kukungoja."

Khatibu akainama ili asiendelee kuwatazama, na alipoinama akaona ardhi chini ya mashua. Ilikuwa kavu. Akapiga magoti. Akaingiza mkono chini ya tumbo la mashua, akapapasa kiungo kimoja, akapapasa cha pili, akazunguka kwa magoti upande wa pili, suruali ya ofisi ikisugua mavumbi. Vidole vilirudi vikavu. Ndani ya mashua ile kulikuwa na pombe ya kulewesha ukoo mzima wa bwana harusi, na hapakuwa na tone chini.

"Haivuji," akasema kwa sauti ndogo.

"Ee mawe, mama wee! Siku ya kwanza ilivuja!" Philomena akasema. "Ilitoka kamasi kama mbuzi wako wa Mabamba. Nililia, nikajua harusi imekwisha. Tukashindilia kwenye nyufa zile nyasi tulizopondea ndizi, pamoja na makapi yake, tukazidi kumimina maji. Ilipofika jioni ikanyamaza yenyewe. Mbao zimevimba, tazama."

Pangani kila mtoto anajua kwamba mashua iliyokauka huzamishwa ufukweni, ikae, inywe, ivimbe, ndipo isafiri. Khatibu alilijua tangu anatambaa. Lakini uani pake hapakuwa na ufukwe wa kuizamishia, na kwa huzuni ya ile Jumapili hata hakukumbuka kwamba mbao zingeweza kuvimba. Akabaki pale magotini, na wanawake wakashuka ukingoni, maana walidhani sasa ndipo anapoanza kukasirika kwa dhati.

"Pombe itoeni kesho wakati wa harusi," hatimaye akasema. "Mashua isikae tupu juani. Mkimaliza, mjaze maji."

Harusini walimkalisha karibu na mabwana wakubwa wa ukweni, akapewa soda ya chungwa, na mshenga aliposimama kushukuru watu waliojitolea aliwataja wapishi, akamtaja mwenye spika, kisha akasema, "Na mwenye muvure, Bwana Khatibu." Watu wakapiga vigelegele. Khatibu akainuka nusu, akakaa, akainuka tena. Alikuwa amezoea kutajwa kwenye mikutano ya chanjo, ambako hakuna anayepiga vigelegele.

Jumapili alikwenda kwa shehe mjini Kasulu kuuliza habari ya chombo kilichoingia pombe. Shehe alimsikiliza mpaka mwisho, akauma mdomo ili asicheke, akamwuliza chombo chenyewe kinakwenda wapi. Alipoambiwa Tanganyika, akasema, "Kisugue vizuri kwa maji, na kama moyo wako bado una wasiwasi, ziwa lile ni kubwa, litakusaidia." Khatibu akarudi akaisugua mashua mpaka mikono ikamchubuka. Rangi ya buluu ilitoka sehemu, lakini harufu haikutoka.

Jumatatu mashua ikapandishwa kwenye Fuso, ndani yake wakamimina ndoo za maji ili isikauke njiani, na kila kona maji yalimlowesha nani kama si Venanti, aliyekuwa amevaa bado suti ya kuozea binti. Nusu ya mtaa ilikuwa ndani ya lori. Waliimba nyimbo za harusi mpaka Kigoma, na mahali pote walipopita watu walitoka kumtafuta bibi harusi.

Ufukweni wavuvi walikusanyika. Kwanza walitazama tanga la turubai, wakatazamana. Kisha wakanusa. Kisha nyuki wakaja, sijui kutoka wapi, wakaizunguka mashua, na mvuvi mmoja mzee akauliza kama chombo hiki kinakwenda kuvua au kinakwenda kilabuni. Khatibu akaushika ukingo wa mashua. Midomo yake ilikuwa inasoma dua.

"Nani anapanda na mimi?" akauliza.

Wote waliokuwa na hamu ya kumwona akizama wakagundua kwamba hamu hiyo hutimizwa vizuri zaidi mtu akiwa nchi kavu. Venanti, ambaye hakuwahi kuingia kwenye maji yaliyopita goti, akavua viatu.

"Mimi nimekunywa ilichokamua," akasema. "Siwezi kuiogopa."

Wakaisukuma. Mashua ikayumba, ikainama upande wa Venanti, ikakaa sawa. Khatibu akapandisha tanga, upepo wa kusini ukalijaza, na mara ufukwe ukaanza kwenda nyuma na sauti za watu nazo. Venanti alikuwa amekaa chini kabisa, amekumbatia mlingoti, macho ameyafumba.

"Maji yameingia?" akauliza.

Khatibu akainama, akapitisha kiganja juu ya mbao za chini, kwenye viungo vyote, taratibu, kama anavyompapasa ng'ombe mwenye mimba. Palikuwa na unyevu wa zile ndoo za njiani na si zaidi. Akangoja. Akapapasa tena. Maji hayakuongezeka.

"Hayajaingia," akasema, na akalia. Alilia bila kujificha, akiwa ameshika usukani kwa mikono ile ya kufungia mbuzi, na alifurahi kuliko alivyowahi kufurahi tangu aje bara.

Venanti akafumbua jicho moja. "Unalia nini?"

"Baba yangu alisema siwezi."

"Na hungeweza," Venanti akasema. "Ilivuja. Mke wangu ndiye aliyeziba." Akafumba jicho tena, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayezungumza jambo la kawaida: "Lakini tumefurahi, Bwana mifugo. Miaka yote hii unakaa kwetu, hukuwahi kuwa na kitu cha kuazima. Tulikuwa tunakuonea huruma."

Jioni ile Khatibu alimpigia mkewe simu, akamwambia mashua imeelea. Mkewe akauliza imezibwa kwa kitu gani. Khatibu akasema mtandao ni mbaya, akakata.

Alistaafu mwisho wa mwaka, na hakurudi Pangani. Mkewe ndiye aliyekuja. Mashua ilivutwa ufukweni wakati wa masika, ikakaa pale, na kiangazi cha 2014 kilipoingia ilikuwa imekauka na kupasuka viungo kama mara ya kwanza. Wavuvi wakamwambia cha kufanya, nacho ni rahisi na hakina gharama: aizamishe hapo kwenye kina kifupi, aiache ivimbe. Khatibu akawashukuru sana. Kisha akamwita Godson, wakaipakia mashua kwenye Fuso, wakaipandisha milima yote ile mpaka Heru Juu, kwa sababu Leonidasi alikuwa anaoza binti na alikwisha kuja kuomba mlango.

Mkewe alipomwuliza dini inasemaje, Khatibu akamjibu kwamba yeye ameazimisha mashua kwa ajili ya kukamulia ndizi, na ndizi ni halali. Kama maji ya ndizi yakiamua kulala siku mbili tatu bila kunywewa, hiyo ni tabia yao, hawezi kuyaendesha.

Mke alitoka uani, akasimama mbele ya chombo kile cha buluu kilichojaa nyasi na ndizi mbivu, na wanawake wa mtaa wakiponda ndani yake. Philomena akamsogezea kikombe cha mtobe ambao haujalala, akamwambia anywe upesi. Akanywa.

"Kwa hiyo hii ndiyo mashua," akasema.

"Ndiyo hiyo," Philomena akajibu. "Ikitoka hapa iko kwa Tharsisi, naye anaoza, halafu mume wako anaweza kuichukua."